Kiti cha Baba Mkwe

Manzese nzima hapakuwa na mtu aliyeruhusiwa kumwita fundi seremala Ansbert Haule mla panya mbele ya wateja wake, isipokuwa Herieth. Ansbert ni Mngoni wa Songea, Herieth ni Mhehe wa Iringa. Hao ni watani, na utani hauna hodi. Asubuhi Herieth huingia uani kwa jirani yake, anafunua sufuria, anachukua kipande cha muhogo, anakaa kitako. "Nyie mlikimbia vita huko Afrika Kusini mpaka mkafika Songea," atasema huku anatafuna, "na mpaka leo tairi ikipasuka barabarani mnakimbia." Ansbert naye atapaza sauti majirani wasikie: "Fungieni mbwa wenu ndani jamani, Mhehe kaamka na njaa!" Siku inaanza hivyo. Hakuna anayenuna, maana kwenye utani anayenuna ndiye mwenye kosa.

Lakini tusidanganyane, kilichompeleka Herieth uani pale hakikuwa muhogo wala Ansbert. Alimfuata Yustina, mke wa Ansbert, Mama Deo wa watu. Wanawake hao wawili walikuwa na presha, wakihudhuria kliniki moja siku moja, na Herieth, mjane asiye na mtoto wala ndugu mjini, hakuwa na mwingine wa kumwambia kwamba kichwa kimemuuma tangu jana.

Katikati ya Desemba walikwenda pamoja kituo cha afya kuchukua dawa. Nesi wa zamu, binti mwembamba mwenye sauti ya mwalimu wa kwaya, aliwakusanya kina mama kwenye benchi kabla ya kuwapima.

"Mama zangu, nawajua," alisema. "Sikukuu ikifika mnapikia dunia nzima, mnasahau miili yenu. Chumvi kidogo. Maji ya kunywa. Mchana jilaze hata kidogo, pilau halitakimbia. Jambo likikulemea, sema, usikae nalo rohoni. Na dawa usiache hata siku moja. Presha haijui Krismasi."

Kina mama waliitikia "Ndiyooo" kama watoto wa darasa la kwanza. Njiani kurudi, Yustina alikuwa akitabasamu peke yake.

"Baba anakuja," alimwambia Herieth. "Baba mkwe. Tangu tuhamie hapa hajawahi kukanyaga. Anakuja na wifi Anjelina na wanawe, mpaka baada ya Mwaka Mpya."

"Na atakayewapikia nani?"

"Sasa na wewe! Si mie?"

Mzee Haule alishuka kwenye basi na mkongojo, kofia ya zamani na kuku wawili kwenye kapu. Na tuseme ukweli, alikuwa mzee mwema. Alipoambiwa jirani ni Mhehe alifurahi kama aliyepewa zawadi. "Kumbe mji huu una watu!" Herieth hakumwamkia, kwa mtani, shikamoo ya nini? Alimpokonya mkongojo, akauficha nyuma ya pipa la maji, akamwambia asipoukomboa atarudi Songea kwa magoti. Mzee alicheka mpaka akashika mbavu.

Joto la Desemba mnalijua. Ndani hakukaliki. Ansbert anampenda baba yake, kwa hiyo alifunga turubai kutoka pembe ya nyumba hadi ukuta wa nyuma, akaweka chini yake kiti kikubwa cha mninga alichokitengeneza maalumu kwa ujio ule. Pale ndipo palikuwa na kivuli na upepo. Na pale pale ndipo njia ya kwenda chooni ilipopita. Anayekwenda choo ilimbidi apite mbele ya magoti ya mzee, na mzee alikaa pale tangu chai ya asubuhi hadi taa zinawashwa.

Ansbert hakuliwaza hilo. Wanaume hawaliwazagi.

Siku ya Krismasi, baada ya misa, Herieth aliingia jikoni na kumkuta Yustina ameinamia sufuria la pilau, jasho linamdondoka kidevuni. Nje wifi Anjelina alikuwa amekaa kwenye mkeka anajipiga picha na wanawe. Kila baada ya muda aliita, "Wifi, bado tu? Baba hajazoea kula jioni!" Yustina aliitika kwa upole, "Tayari, wifi," na kutazama wali ambao haukuwa tayari.

Herieth hakutazama wali. Alitazama miguu. Ndala zilikuwa zimezama kwenye nyama, vifundo havionekani.

"Mama Deo. Unameza dawa?"

"Nameza."

"Zote?"

Yustina akajifanya anageuza moto. "Ile moja nameza. Ile ya kukojoa nimeipumzisha, mpaka wageni waondoke."

"Umeipumzisha! Imekwambia imechoka?"

"Herieth, sema taratibu." Yustina alichungulia nje, akarudi. "Ile dawa unaijua wewe. Nikimeza, natoka, narudi, natoka. Nitapitaje? Baba amekaa pale. Nipite mbele ya baba mkwe na kopo la maji mkononi, nirudi, nikae kidogo, nipite tena? Mie nimelelewa, jamani. Mkwe unampita umeinama, tena umpite kwa shida."

"Kwa hiyo unakwenda saa ngapi?"

"Alfajiri hajaamka. Na usiku akishalala."

"Na mchana?"

"Sinywi maji."

Herieth alikaa juu ya kigoda. Alimfahamu mwenzake, hakuwa mtu wa kulia ovyo, lakini macho yake yalikuwa mekundu na si kwa moshi.

"Kichwa kinagonga," Yustina aliendelea, sasa maneno yakimtoka yenyewe. "Usiku silali. Nalala macho wazi, nawaza chumvi isizidi, nyama isipungue, nawaza Anjelina atakwenda kusema nini Songea. Mchana nikikaa chini naona kama naiba."

"Mwambie mumeo asogeze kiti."

"Nimwambie amwondoe babake kivulini, kisa mkewe anataka kukojoa? Herieth!" Akamshika mkono, kiganja chake kina moto. "Niapie hutamwambia mtu. Wakijua hili mie nitatazamana nao vipi?"

Herieth aliapa. Hata leo hajui kwa nini aliapa.

Alikuwa na njia moja tu ya kusema bila kusema, nayo ni utani. Kesho yake mapema, mzee alipoinuka kunawa, Herieth alibeba kile kiti cha mninga, mzito kama ng'ombe, akakipeleka mbele ya nyumba barabarani, akakikalia yeye mwenyewe.

"Mngoni harudi kwenye kiti hiki!" alipiga kelele. "Amekaa njiani kama askari wa kituo! Watu wanashindwa hata kwenda haja, wanamwogopa!"

Mtaa mzima ulicheka. Mzee Haule alicheka kuliko wote. "Hii ndiyo sikukuu sasa!" alisema. "Toka mtani wangu wa kule nyumbani afariki sijachezewa hivi." Ansbert alikirudisha kiti palepale kivulini, na ili kumkomesha Mhehe akakifunga kwa kamba kwenye nguzo ya turubai. Wakacheka tena. Yustina alitoka jikoni na ndoo, akaiona ile kamba, akarudi ndani.

Siku zikasogea, miguu ikazidi kuvimba. Herieth alimfuata Ansbert kwenye karakana yake, akamkuta anapiga randa mlango wa mteja.

"Ansbert, leo sitanii."

"Ndivyo mnavyoanzaga."

"Mkeo anaumwa. Hanywi maji, halali, miguu imevimba. Mpeleke akapimwe leo, sio kesho."

Ansbert alisimamisha randa, akamkazia macho, kidogo ikawa kama amesikia. Kisha tabasamu likamtoka. "Nimpeleke hospitali, halafu wewe ubaki na sufuria la nyama? Mhehe una akili wewe!"

"Nakuapia kwa Mungu!"

"Mungu gani, na mbwa wa Iringa unamwachia nani?"

Mafundi wenzake waliangua kicheko. Herieth alitamani amtupie kipande cha mbao. Ulimi wake ule ule uliomchekesha mtu huyu miaka yote sasa ulikuwa umemfungia mlango, na alikuwa ameufunga mwenyewe.

Basi akaamua kwenda mbali zaidi. Watani, msibani, wana ruhusa kubwa: watajilaza kaburini, watamwigiza marehemu, hakuna wa kuwagusa. Herieth alijifunga kanga kiunoni na nyingine kichwani, akajitupa katikati ya uani wakati watu wanakunywa chai, akaangua kilio.

"Uwiii! Mama Deo ametuacha! Wamemuua kwa sufuria! Uwiii, mlikula mkashiba, mwenzenu hata nafasi ya kukojoa hamkumpa!"

Majirani walijaa kwenye uzio. Anjelina alirekodi kwa simu huku mwili unamtikisika kwa kucheka. Mzee Haule alijifuta machozi, akamrushia mtani wake noti ya ubani. Herieth alilia kweli, machozi ya kweli, na kadiri alivyolia ndivyo walivyozidi kumsifu. "Huyu angekuwa kwenye sinema," alisema Anjelina.

Jioni Yustina alimwita pembeni. Hakupiga kelele. "Uliniapia," alisema tu, akaondoka.

Herieth akanyamaza. Siku moja nzima hakwenda uani kwa jirani yake. Alikaa mlangoni kwake anachambua mchele, anasikiliza sauti ya mchi ng'ambo ya ukuta, na kila uliponyamaza moyo ulimruka.

Siku ya mwisho wa mwaka, mchana, mchi ulinyamaza na haukuendelea.

Alivuka mbio mpaka jikoni. Yustina alikuwa amekaa chini kando ya kinu, mchi mkononi, mkono wenyewe umelala pajani. Nusu ya mdomo ilikuwa imeshuka. Alimtazama Herieth, akajaribu kusema, na kilichotoka hakikuwa neno. Mate yalimchuruzika, akawa anataka kuyafuta na mkono haukubali.

"Yesu na Maria!" Herieth akatoka nje anapiga kelele. "Mama Deo anakufa! Ansbert! Mama Deo anakufa!"

Wanaume walikuwa mbele ya nyumba, wamezungushia viti meza ya bao, bia kadhaa zimeshafunguliwa. Wote walimgeukia na nyuso zilizokwisha jiandaa kucheka.

"Msiba wa pili wiki hii!" alisema Ansbert. "Jamani, Mhehe ameishiwa ubani."

"Mdomo umepinda! Njoo uone! Nakwambia njoo!"

"Mdomo umepinda na wewe hujauona wako!"

Walicheka. Herieth alimpiga Ansbert kofi la uso, kofi la nguvu zote, na hata hilo, jamani, wakalicheka, kwa sababu mtani anaruhusiwa. Anjelina alikuwa ameshainua simu. Dakika zilikuwa zinakwenda na kule jikoni mtu alikuwa anazama peke yake.

Ndipo Herieth alipopiga magoti. Alipiga magoti vumbini mbele ya Mzee Haule, akainamisha kichwa.

"Shikamoo, baba."

Mzee alikuwa bado na kicheko mdomoni. Kikakatika. Tangu ashuke kutoka Songea mwanamke huyu hakuwahi kumwamkia.

"Marahaba," alisema polepole. Kisha akasimama bila mkongojo. "Ansbert! Nyamazeni! Ansbert, mkeo!"

Hospitali walifika kwa bajaji, Yustina amelazwa mapajani kwa Herieth, mumewe anakimbia nyuma kwa miguu mpaka alipopata pikipiki, akarudi kumpakia mzee wake. Walimpokea, wakamuingiza ndani, wakafunga pazia. Baadaye alitoka daktari kijana mwenye macho yenye usingizi.

"Ni kiharusi. Ataishi, tunadhani, ila upande wa kulia umeathirika. Alikuwa anatumia dawa gani?"

"Za presha," alisema Ansbert.

"Zipi?"

Ansbert aligeuka kumtazama Herieth. Miaka yote amelala na mwanamke huyu kitanda kimoja, na rangi ya vidonge vyake hakuijua. Aliinamisha uso kwa aibu.

"Alikuwa na mbili," alisema Herieth. "Moja aliiacha, ile ya kukojoa. Toka wageni waje."

"Aliiacha kwa nini?"

Herieth alimtazama Mzee Haule aliyeegemea ukuta. Aliikumbuka ahadi yake, na alijua akisema hapa hataweza kuyarudisha. Lakini alikwisha kusema kwa utani wote anaoujua, na utani ulikuwa umemfikisha Yustina nyuma ya pazia lile.

"Kwa sababu ya choo," alisema.

Daktari hakuelewa. "Choo kilikuwa kimeharibika?"

"Choo kizima, daktari. Njia yake ndiyo inapita alipokaa baba mkwe. Aliona haya kupita mara kwa mara. Akaacha dawa, akaacha na maji."

Daktari aliendelea kuwatazama mmoja mmoja, akisubiri sababu nyingine. Mzee Haule hakusubiri. Yeye alielewa pale pale, yote, kiti na turubai na kamba, akakaa kwenye benchi.

"Herieth," sauti ya Ansbert ilikwaruza. "Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikwambia karakanani."

"Ulikuwa unatania."

"Nilikwambia sitanii, Ansbert."

Yustina aliruhusiwa kurudi nyumbani Januari ikiwa imeshika kasi, watoto wanakwenda shule. Mkono wa kulia ulikuwa umelala, mguu anauburuta, maneno yakitoka mazito na machache. Anjelina alikuwa ameahirisha safari. Ndiye aliyekuwa jikoni sasa, kimya, na simu ilikuwa chumbani. Daktari alikuwa amesisitiza dawa zote, pamoja na ile.

Asubuhi ya kwanza Herieth alimpa kidonge cha kwanza, akameza. Alipomletea cha pili, Yustina alifunga midomo. Herieth alibembeleza, akakemea, akabembeleza tena. Midomo haikufunguka. Machozi yalimshuka upande mmoja.

"Lakini kiti hakipo!" Herieth alisema. "Turubai mzee amelishusha mwenyewe. Njia nyeupe. Yeye yuko ndani, huko chumbani."

Yustina alitikisa kichwa. "Joto," alisema kwa taabu. "Baba... joto. Kwa ajili yangu."

Hapo Herieth akaona. Mzee alikuwa amejifungia ndani ya chumba kile cha bati anatokwa jasho ili mkwe wake apite, na mkwe, kwa kujua hivyo, aliona haya mara mbili. Kila mtu alikuwa anamheshimu mwenzake mpaka mmoja wao azikwe. Hasira zilimpanda Herieth. Alikwenda akagonga mlango wa chumba cha mzee.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu."

"Ukijificha anajua umejificha. Kidonge amekikataa. Toka nje."

Mzee alitoka, shati limegandana mgongoni. Alimwambia Ansbert arudishe turubai. Alimwambia arudishe na kiti. Ansbert alisita, akafanya. Mzee akakaa mahali pake pa zamani, njiani kabisa, akaagiza Yustina aletwe uani akalishwe mkabala naye. Ilikuwa mara ya kwanza wawili wale kukaa uso kwa uso. Yustina aliinamisha kichwa hadi kidevu kikagusa kifua.

"Yustina, mwanangu," alisema mzee. Sauti yake haikuwa na utani hata chembe. "Mimi ni mzee, kibofu changu kimechoka. Usiku naamka, na naamka tena. Choo kipo huku, lakini ili nifike lazima nipite mlangoni kwako, nami nikaona haya mkwe wangu asisikie babu mzima anatoka anaingia. Nina ndoo chini ya kitanda. Tangu siku niliyokuja. Anjelina ananimwagia."

Anjelina, jikoni, aliinamia meko.

"Sikumwambia mtu. Na wewe hukumwambia mtu. Tumeishi nyumba moja sikukuu nzima, kila mmoja anamficha mwenzake kitu ambacho hata kuku anakijua." Akanyoosha kiganja kwa Herieth. "Lete hicho kidonge."

Herieth alikiweka kiganjani mwake. Mzee aliinama toka kitini, kwa shida, akakipeleka mwenyewe mdomoni mwa mkwe wake, jambo ambalo kwao hakuna aliyewahi kuliona. Ansbert aligeuza macho akatazama ukuta, mabega yanamtikisika. Midomo ya Yustina ilitetemeka, ikakaa imefungwa muda ambao Herieth aliuona mrefu mno. Kisha ikafunguka.

Walimpa maji, bilauri nzima. Wakakaa pale kivulini, hakuna aliyeondoka. Jua lilipopanda Yustina aliinua mkono wake mzima, akamshika Herieth kanga.

Herieth alimwinua. Walikwenda taratibu, mguu ukikwaruza ardhi, mpaka walipofika mbele ya kiti, na pale Yustina akasimama kwa mazoea, akataka kuinama, na mwili haukuweza.

"Pita, mwanangu," alisema Mzee Haule, akivuta miguu yake nyuma. "Pita. Na baadaye upite tena."